Siku Kitwana Alipoponywa

Ipo nchi inaitwa Afyatele. Msianze kutazamana, si yenu, wala si ya majirani zenu. Ni nchi ya mbali, yenye raia wapole, barabara nzuri ya kwenda uwanja wa ndege, na wimbo wa taifa ambao ubeti wake wa pili unataja ini, moyo na mapafu. Huko watu hawaugui ovyo. Mtu huugua kwa utaratibu, hutibiwa kwa utaratibu, na wakati ukifika hupona kwa utaratibu. Anayeshindwa kupona huhesabiwa kuwa mtovu wa adabu.

Zamani, kabla maendeleo hayajaingia, hospitali kuu ya Afyatele ilikuwa ya serikali. Paa lilivuja, madaktari walichoka, na mwenye ugonjwa usioisha alikwenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka walinzi wa getini wakamjua na jina la mama yake. Jambo hili lilimkosesha raha Waziri wa Afya na Mavuno. Akaiuza hospitali kwa Kampuni ya Neema, ambayo kwa bahati njema ilikuwa ya shemeji yake. Wakakubaliana kwamba hazina ya taifa itailipa Kampuni kwa kila mgonjwa atakayepona, na kwa asiyepona haitatoa kitu.

"Ndugu wananchi!" Waziri alinguruma siku ya kukata utepe. "Miaka yote hii tumekuwa tukilipia ugonjwa. Hebu niambieni, nani kati yenu huenda sokoni akachagua nyanya zilizooza? Kuanzia leo Afyatele inanunua afya tupu!"

Watu walipiga makofi sana, wakiwemo wagonjwa waliotolewa uani na vitanda vyao ili kupendezesha hafla.

Kampuni ilianza kazi vizuri. Wenye malaria walipona, waliovunjika miguu waliungwa, na hazina ikalipa bila kinyongo. Tatizo likawa wale wengine, wa figo, wa sukari, wa selimundu, wa presha. Hao walikula dawa na kumaliza vifaa, halafu hawaponi. Mtu wa namna hiyo hafi wala hupati faida naye. Yupo tu, anakusalimia kila wiki. Kampuni iliwavumilia kwa muda mfupi, kisha ikamtaka Meneja wa Matumaini atafute ufumbuzi. Cheo hicho ndicho kilichochukua nafasi ya kile cha Mganga Mkuu, na aliyekishika aliitwa Bwana Mashauri, mtu mnene, mwenye sauti laini na miwani ya dhahabu.

Bwana Mashauri alikuwa mtoto wa nchi ile, akaikumbuka mila ya kwao. Afyatele mtu akiinuka kitandani baada ya kuugua sana, nyumba yake hufanya shukrani. Hupikwa pilau, majirani huitwa, dua husomwa, na aliyekuwa mgonjwa huketishwa mbele na nguo mpya. Mwishoni, mwanamke aliye karibu naye kuliko wote hupiga kigelegele. Kikishapigwa hicho, basi, yamekwisha. Watu wamekula na wameshuhudia. Kuugua tena maradhi yaleyale baada ya hapo ni kuwaaibisha wageni, ni kuwaambia kwamba pilau waliyokula ilikuwa ya uongo, na hakuna mtu muungwana Afyatele aliyewahi kulifanya hilo.

Bwana Mashauri akajiuliza swali dogo tu. Ikiwa kupona huthibitishwa na shukrani, kuna haja gani ya kuusubiri ugonjwa uishe? Likabomolewa duka la dawa la hospitali, pakajengwa Ukumbi wa Shukrani, na jiko lake likawa na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani.

*

Siwatu alikuwa mke wa Kitwana mpiga tarumbeta, na kwa Siwatu jina hilo lilitosha. Kwa miaka mingi Kitwana na bendi yake ya matarumbeta ndio waliosindikiza mabibi harusi wa mji ule. Alikuwa na wimbo wake mwenyewe alioutunga, uliopigwa bibi harusi anapoingia ukumbini. Ulianza chini, polepole, halafu kabla ya kupanda juu Kitwana alivuta pumzi moja ndefu, ya kusikika hadi nyuma. Mabibi harusi wote waliijua. Pumzi ile ikivutwa ndipo bibi harusi hunyanyua mguu, na tarumbeta likipanda naye anakanyaga ndani.

Siku ya harusi yao wenyewe Kitwana alikuwa ameketi kwenye kiti cha bwana harusi, na rafiki yake ndiye aliyepiga. Rafiki akauharibu wimbo tangu mwanzo. Kitwana alivumilia, akauma midomo, mwishowe akanyanyuka na kanzu yake na joho lake, akamnyang'anya mwenzake tarumbeta. Siwatu aliingia kwenye ndoa kwa pumzi ya mumewe mwenyewe, na mashangazi wakasema huyu bwana hana subira. Siwatu alimpenda kwa hilo mpaka uzee.

Sasa figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara mbili kwa wiki Siwatu alimpeleka hospitali, akalazwa kando ya mashine inayosafisha damu. Madaktari wa zamani walikuwa wamemuunganisha mishipa ya mkono wa kushoto ili mashine ipate pa kuingilia, na tangu hapo mkono ule ulivuma. Ukiuwekea kiganja unausikia, mvumo mwembamba usiokoma. Siwatu alilala ameushika. Maji Kitwana alikatazwa, isipokuwa kidogo sana, hivyo Siwatu alimbebea vipande vya barafu kwenye chupa ya chai, akawa anampa kimoja kimoja, naye anakimung'unya huku akivumisha wimbo wake puani. Siku za mashine zilimchosha. Siku zilizofuata alikuwa mtu, anacheka, anamtania mkewe, anasugua tarumbeta lake kwa kitambaa.

Basi siku moja Kitwana akiwa kitandani na mirija yake, Bwana Mashauri akaja na shada la maua ya plastiki.

"Hongera sana, Mzee Kitwana! Shukrani yako ni Jumamosi."

"Shukrani ya nini, baba?" Siwatu aliuliza.

"Ya kupona, mama."

"Nani kapona? Si huyo yuko kwenye mashine?"

"Yuko kwenye mashine kwa mazoea tu," alisema Bwana Mashauri kwa upole. "Mwili wa binadamu huzoea vitu, mama yangu. Wengine huzoea tumbaku."

"Lakini figo zake hazifanyi kazi, baba. Daktari mwenyewe alituambia."

"Wewe umeziona hizo figo?"

"Nitazionaje?"

"Hata mimi sijaziona. Sasa kwa nini tuwaseme vibaya watu tusiowaona?" Akaliweka shada kifuani kwa Kitwana. "Nchi nzima inawaombeeni furaha. Waziri mwenyewe atakuja."

Kitwana, kwa adabu, alisema asante. Siwatu alimtazama mumewe akiwa na maua kifuani, macho yamefumbwa, akalisogeza shada pembeni.

*

Muuguzi wa chumba cha mashine aliitwa Sista Skolastika. Alikuwa mmoja wa waliobaki kutoka enzi ya paa linalovuja. Alimsubiri Siwatu aende kuosha chupa, akamfuata.

"Dada yangu, nisikilize vizuri. Shukrani ikifanyika, mashine basi. Anapewa mgonjwa mwingine."

"Sasa si atakufa, Sista?"

"Ndiyo," alisema Skolastika, na macho yake yakajaa. "Lakini kuna njia. Wageni hawawezi kushuhudia kupona kwa mtu anayeonekana mgonjwa. Akilegea mbele za watu, akishindwa kula, akishindwa kusimama, shukrani huahirishwa, naye anarudi kwenye mashine mpaka wapange siku nyingine. Yupo mama mmoja wa sukari wameshamuahirishia mara nyingi. Kila wakimletea soda, anazimia."

"Kwa hiyo mume wangu aonekane mgonjwa."

"Aonekane alivyo, dada. Na wewe ufunge mdomo wako. Kigelegele kisitoke. Wao hawatazami kingine, wanasubiri hicho tu."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu waoane, Siwatu alimfundisha mumewe kuugua. Haikuwa kazi rahisi. Kitwana alikuwa ametumia miaka kadhaa kuuficha ugonjwa wake. Alivaa shati la mikono mirefu kuficha mkono unaovuma, akawatania wageni waliokuja kumjulia hali, na kila aliyemuuliza alimwambia anaendelea vizuri hata kama alikuwa haoni vizuri.

"Haya, mimi ndiye jirani," Siwatu alisema. "Mzee Kitwana, unaendeleaje?"

"Aa, sijambo, namshukuru Mungu."

"Baba Tunu!"

"Nimesahau. Niulize tena."

"Unaendeleaje?"

Kitwana alikuna kichwa. "Siendelei vizuri," alisema kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na kuku wa watu. "Naumwa."

"Sasa guna kidogo."

"Nigune mbele za watu, Mama Tunu? Na rafiki yangu Mabruki yupo? Atanicheka mpaka kaburini."

Walicheka wote wawili. Kisha Siwatu akaacha kucheka, akamshika mkono. "Nigunie mimi, basi," alimwambia. "Tarumbeta lako atalisugua nani?"

Kitwana akamuahidi.

*

Jumamosi Ukumbi wa Shukrani ulijaa. Majirani walikuja na nguo zao nzuri, kwa kuwa mwaliko wa Kampuni haukataliwi, na pia kwa kuwa harufu ya pilau ilikuwa imefika mtaani tangu asubuhi. Kulikuwa na kamera. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mapambo, aliketishwa Kitwana na suti aliyoazimwa na Kampuni.

Waziri alizungumza kwa kirefu. Alisema ugonjwa wa kudumu ni urithi wa ukoloni. Alisema mtafiti mmoja mashuhuri, ambaye hakumtaja ili kulinda unyenyekevu wake, amegundua kwamba mtu hufa zaidi kwa kukata tamaa kuliko kwa figo. Alisema nchi jirani bado zinatibu watu bila kuwaponya, na akaziombea.

Kitwana alitimiza ahadi. Aliinamisha kichwa na kuacha mikono ining'inie. Pilau ilipoletwa alisukuma sahani, na alipoulizwa hali aliguna, guno dogo la aibu, lakini guno. Wageni walianza kunong'ona. Mpiga picha alishusha kamera. Bwana Mashauri alivua miwani akaifuta, na Sista Skolastika, aliyesimama mlangoni na sinia la soda, alimwangalia Siwatu akaitikia kwa kichwa, kidogo sana: hivyohivyo.

Siwatu alikuwa amefunga mdomo kwa ncha ya khanga. Moyoni alikuwa anamsifu mumewe kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Hapo ndipo Bwana Mashauri alipoita bendi.

Ilikuwa bendi ya Kitwana mwenyewe. Mabruki, rafiki yake wa ujanani, aliingia na ngoma kubwa tumboni, na nyuma yake wapiga tarumbeta wengine, na aliyekuwa akiongoza sasa ni kijana aliyeajiriwa kujaza nafasi. Hakuna aliyewaambia lolote. Waliambiwa tu kaka yao amepona, na walilia kwa furaha njia nzima. Wakaanza wimbo wa mabibi harusi.

Kijana aliuharibu. Alianza juu badala ya chini, akakimbia mahali pa kutembea, na palipotakiwa pumzi hakuvuta pumzi, alipita tu. Siwatu alimwona mumewe ananyanyua kichwa. Akamwona anauma midomo. Bwana Mashauri naye aliona, kwa maana watu wa namna yake huona haraka, akalichukua tarumbeta kwa kijana akaliweka kwenye mapaja ya Kitwana.

"Kaka," Mabruki alisema, machozi yanamtiririka, "mara moja tu. Tumekukosa."

Kitwana alimtazama mkewe kutoka mbele kule. Siwatu alitikisa kichwa: usipige. Kitwana alilitazama tarumbeta. Lilikuwa halijasuguliwa. Akatoa kitambaa mfukoni, akalisugua mdomo wake, akasimama.

Alipiga. Alianza chini, polepole, na ukumbi mzima ukanyamaza, mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko mikononi. Sauti haikuwa ya zamani. Ilikuwa nyembamba, inatetemeka pembeni. Lakini wimbo ulikuwa ule, na kila mwanamke aliyeolewa katika mji ule alikumbuka miguu yake. Kisha akafika pale. Akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu na ya taabu, ikakwaruza kifuani, watu wakadhani haitafika mwisho. Ikafika, na tarumbeta likapanda.

Na Siwatu, mke wa Kitwana, aliyemzoesha kuguna, aliyekuwa na ncha ya khanga mdomoni, akapiga kigelegele.

Hakukipanga. Kilimtoka. Alikuwa bibi harusi tena kwa muda ule mfupi, na mwanamume wake alikuwa amesimama na kanzu na joho, hana subira, na yote mengine alikuwa ameyasahau. Alipokumbuka aliziba mdomo kwa mikono miwili, lakini ukumbi wote ulikuwa umeshaitikia, wanawake wanapiga vigelegele mpaka vioo vinatetemeka, kamera zinamulika, na Waziri anacheza. Mlangoni Sista Skolastika alikuwa ameliangusha sinia.

Kitwana alishusha tarumbeta, akatabasamu kwa uchovu, akaketi. Alikuwa amepona.

*

Siku ya mashine ilipofika Siwatu alimpeleka kama kawaida. Mlinzi aliwapokea kwa heshima kubwa.

"Mzee Kitwana! Umekuja kututembelea?"

"Nimemleta kwenye mashine, mwanangu," Siwatu alisema.

"Mama, huyu kapona. Nchi nzima imeona." Mlinzi aliona haya kwa niaba yao. "Hana kingine? Malaria? Wa mifupa leo wana nafasi nyingi."

"Figo, baba. Figo zake."

"Hizo zimeshakwisha, mama. Hapa hatupokei ugonjwa ulioliwa pilau."

Juu ya geti Kampuni ilikuwa imeweka televisheni kubwa, na ndani yake alikuwamo Kitwana na suti ya kuazima, anapiga tarumbeta. Chini yake yaliandikwa maneno: NEEMA, HATA FIGO ZINATUSHUKURU. Watu wa kwenye foleni walimtazama wa kwenye televisheni, wakamtazama wa chini, wakapiga kelele kwa furaha. "Ndiye! Ndiye yule aliyepona!" Walimzunguka, wakataka kumshika mkono ili wapate baraka. Mama mmoja alimsukumia mwanawe mwenye selimundu amguse.

Miguu ya Kitwana ilikuwa imevimba hata viatu haviingii. Alimgusa mtoto kichwani, akampa kila mtu mkono, akawaambia anaendelea vizuri.

"Kwa nini unawaambia hivyo?" Siwatu alimlilia njiani. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Mama Tunu," alisema, anahema, "wao nao wanasubiri siku yao. Ningewaambia nini?"

Sista Skolastika alikuja nyumbani kwao na dawa alizoweza kuzificha, lakini mashine haifichiki kwenye mkoba. Siwatu alikwenda kwa Bwana Mashauri akapiga magoti. Alisema kigelegele kilikuwa cha makosa, anakirudisha, anaomba kifutwe. Bwana Mashauri alimwinua kwa mikono yake mwenyewe na kumwambia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kusikia kigelegele cha kweli kama kile, na kwamba furaha haifutwi.

Kitwana hakumlaumu hata mara moja. Siwatu alipomwomba radhi kwa ajili ya kigelegele, alisema, "Nilipokisikia nilijua nimepiga vizuri." Hilo lilimuumiza kuliko lawama yoyote.

Alikufa mchana, jua likiwa kali uani, watu wakinunua nyanya dirishani kwa jirani. Mwishoni maji yalikuwa yamemjaa mapafuni na kila pumzi ilikuwa kazi. Siwatu alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Ulivuma, ukavuma, halafu ukaacha kuvuma. Aliendelea kuushika kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia auachie.

Kampuni ilileta rambirambi, shada lilelile la maua ya plastiki. Bwana Mashauri alisema mazikoni, kwa huzuni ya kweli, kwamba marehemu amefariki akiwa na afya njema, jambo ambalo wengi hatujaaliwi. Waumini waliitikia. Mabruki peke yake alitoka, akaenda nyuma ya ukuta, akalia kwa sauti.

*

Watu wa Afyatele ni wastaarabu, hawakulizungumza jambo hilo zaidi. Hospitali inaendelea vizuri. Wimbo wa Kitwana sasa hupigwa kwenye televisheni ya getini kila mara anapotolewa mtu aliyepona, na wanaopona ni wengi, hivyo husikika kutwa nzima.

Siwatu alikaa eda yake ndani. Ilipokwisha alitoka, akavaa khanga safi, akaenda hospitali, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine duniani pa kumsikia mumewe. Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya geti. Wakati ule alikuwa anatolewa mama wa sukari, yule aliyekuwa akizimia. Kumbe hatimaye aliletewa soda, akashindwa kuzimia. Alikuwa ameshikiliwa na binti zake, na shada kifuani. Televisheni ikawaka.

Wimbo ukaanza chini, polepole. Siwatu alifumba macho. Alikuwa anangojea mahali pamoja tu, pale mumewe anapovuta pumzi, ile ndefu ya kukwaruza, ambayo ilikuwa ya kwake na haikuwa ya Kampuni. Wimbo ulipokaribia alinyanyua mguu, bila kujua, kama siku ile.

Tarumbeta likapanda. Walikuwa wameikata pumzi. Ilisikika vibaya kwenye tangazo, ilisikika kama ya mgonjwa, wakaiondoa, wakaunganisha sauti ya chini na ya juu, wimbo ukapita moja kwa moja.

Siwatu alibaki ng'ambo ya barabara, mguu mmoja juu, anasubiri.